Kwale wa Siku ya Pili

Mimi nilijua kutega, kupika sikujua. Miaka thelathini na minane Elina alinipikia, na mtu angeniambia kwamba nitakuja kunyonyoa kwale kwa mikono yangu, ningemwambia akapimwe akili. Haya, Elina katangulia mwezi wa pili, na mimi hapa Ulemo nimebaki na mitego, mafiga matatu na bustani yake nyuma ya nyumba.

Nilichokitamani si kwale aliyetoka motoni jioni ile ile. Huyo hata mgeni anampika. Nilimtamani wa kesho yake. Elina alikuwa anachukua nyama iliyobaki, anaichambua kwenye mifupa, anaikaanga kidogo kwa mafuta ya alizeti, halafu anaingia bustanini na kurudi na majani mkononi. Nikila ile mboga nilikuwa nanyamaza kabisa, na wanaonijua wanajua mimi si mtu wa kunyamaza. Nilijiambia, nikiipata ladha ile hata mara moja, nyumba hii itakuwa na mtu ndani.

Jumamosi nikanasa wawili kwenye alizeti, wanene. Nikachemsha, nikaunga kwa nyanya, nikala. Firigisi nikala zote mbili kama kawaida, maana firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Asubuhi nafunua sufuria, mifupa mitupu! Nikasema potelea mbali, mchuzi upo. Nikachuma mrehani, giligilani na majani ya kitunguu, nikatia. Lo! Maji ya majani. Nikamwaga, nikaitukana na bustani yenyewe.

Wiki iliyofuata nikanasa wengine wawili, nikabadilisha majani. Yale yale.

Hapo nikatia majani kwenye mfuko, nikaenda kwa Sikudhani, jirani yetu, shoga wa Elina tangu ujana wao.

"Shemeji," nikamwambia, "Elina alikuwa anatia jani gani kwenye kwale wa siku ya pili?"

Akayapekua. "Haya haya. Mrehani na kitunguu, basi. Nyama imebaki kiasi gani?"

"Haijabaki. Kwale wenyewe wadogo, wawili mtu mmoja anawamaliza."

"Sasa Elina alikuwa anabakizaje?"

"Nitajuaje mimi? Nilikuwa nakula sebuleni. Yeye alikuwa anakula jikoni."

"Alikuwa anakula nini huko jikoni?"

Nikaanza kuyarudisha majani kwenye mfuko.

"Usikasirike, shemeji," akasema Sikudhani taratibu. "Ukileta kwale wawili, mmoja wako, mmoja wake. Wake ndiye uliyekuwa unamla kesho yake. Mwenzako alikuwa anakula ugali kwa mlenda. Nimemkuta mara nyingi, nikamsema. Ananicheka tu. Anasema, 'Mwache, akimla huyu wa pili hata kelele hana.'"

Nilirudi nyumbani nimemkasirikia marehemu, Mungu anisamehe. Mbona hakusema? Mwanamke gani huyu, miaka yote hiyo hasemi! Nilipofika kwenye bustani hasira ikanigeukia. Nani aliwahi kumwuliza? Mimi sikumwuliza hata siku moja, na iliniuma, inaniuma mpaka leo.

Nikatega tena, nikapata wawili. Jioni nikala mmoja. Wa pili nikamweka kwenye bakuli lake la bluu, na firigisi zote mbili juu, nikafunika. Kesho yake nikachambua, nikakaanga, nikatia mrehani na kitunguu, nikaonja.

Ilikuwa yenyewe. Ladha ya Elina, imekamilika, haina kasoro.

Nilikuwa nimekaa jikoni, kwenye kigoda chake. Nikairudisha mboga yote kwenye lile bakuli la bluu, nikalisogeza upande wa pili wa mafiga. Nikasonga ugali kidogo, nikapasha mlenda wa jana, nikanawa mikono.

"Elina," nikasema kwa sauti, "kula basi, mama."

Nikala mlenda wangu mpaka ugali ukaisha. Bakuli lilikuwa bado limejaa.