Mstari wa Sita

Daktari alisema zimebaki siku chache tu, na Gervasio akamfukuza kwa matusi mpaka nje ya uzio. Siku! Mkewe Casilda huyu, aliyeimba nyimbo za jota kwenye kila harusi ya kijiji kwa miaka arobaini na tano! Leo mapafu yamemwishia, na mchana huu alitaka jambo moja tu: aimbe ubeti mmoja, mpaka mwisho.

"Mmoja, Gervasio. Halafu nitakuacha upumzike na makelele yangu."

Basi jirani yao Lamberto akaja na gita lake, akakaa juu ya sanduku la nguo. Gervasio akapakata bandurria, ile ala ndogo ya nyuzi kumi na mbili. Alikuwa anaogopa, na hakuficha. Wakapiga utangulizi.

"Juu mno," alisema Casilda.

Wakalegeza nyuzi.

"Bado juu. Ama mnataka kuniua kabla ya siku yangu?"

Lamberto akacheka huku akifuta macho. Wakalegeza tena, mpaka nyuzi zikaanza kugongagonga mbao.

"Haya, hapo hapo."

Kila mpigaji wa kwao anajua: mwimbaji akianza, bandurria inanyamaza, gita ndilo linalomsindikiza. Mistari ni saba. Bandurria ikiingia, mwimbaji amemaliza.

Casilda akaimba wa kwanza, wa pili. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ni ile ile, jamani, ni yake! Wa tatu. Wa nne ulimtoa jasho. Gervasio aliomba kimoyomoyo kama mwendawazimu: Bikira, mpe mitatu tu, mistari mitatu ni kitu gani kwako? Wa tano.

Wa sita haukuja.

Lamberto aliendelea kupiga gita, akirudia mapigo yale yale, akimsubiri. Binti yao, Orosia, aliinama akatega sikio kifuani kwa mama yake. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Baba, basi. Piga bandurria, umalize wimbo."

"Hajafika wa saba."

"Baba, mama ametutoka."

"Nimesema hajafika! Na wewe Lamberto, ole wako ukinyamazisha hilo gita!"

Lamberto, vidole vinamuuma, hakuthubutu kuacha. Gervasio alimwinamia mkewe, akamnong'oneza maneno ya mstari wa sita, pengine ameyasahau tu.