Kadi za Kitenzi Kimoja

Ofisi nzima ya watunga kamusi ilimwita Dada Kamusi, naye jina hilo alilipenda kupita kiasi. Kwa miaka miwili alikuwa amepewa kitenzi kimoja tu cha Kiingereza, leave, akitafutie maneno ya Kihispania. Usicheke. Mwingereza hutumia neno hilo hilo akiondoka nyumbani, akisahau mwavuli kwenye basi, akibakiza chakula sahanini, hata akimrithisha mtu shamba. Mhispania anataka kila jambo na neno lake, na ukikosea anakucheka usoni.

Bahati yake ilikuwa mavyaa wake. Bibi huyo alizaliwa na kukulia katika Kihispania, akaolewa mbali na kwao, na sasa alikuwa mgonjwa wa moyo, amelala chumba cha nyuma. Mkwewe alimpelekea dawa na kadi. Kila kadi iliandikwa sentensi, jina la aliyeisema, tarehe na saa, na chini kabisa: ameulizwa, au amesema mwenyewe. Hizi za pili ndizo zilizogombewa ofisini. Basi Dada Kamusi alishinda ukingoni mwa kitanda, masikio kayatega, akingoja mgonjwa aropoke kitu cha maana. Majirani walimsifu kwa kuuguza, naye hakuwakatiza.

Siku ya kukabidhi kazi, mumewe, fundi wa lifti, alimwambia mlangoni, "Leo usitoke, mke wangu. Mama simwoni sawa."

"Nitoke niende wapi?" alijibu.

Saa nne bibi alifumbua macho, akamshika mkono.

"No me dejes sola hoy," alisema. Usiniache peke yangu leo.

Dada Kamusi aliruka kwa furaha, na tuseme kweli, ilikuwa furaha. Wiki tatu alikuwa akiitafuta sentensi ya namna hiyo, na hii imejileta yenyewe, haina hata neno la kurekebisha. Akauchomoa mkono wake taratibu ili apate kuandika. Kisha akavaa viatu, akakimbilia ofisini kabla mhariri mkuu hajafunga sanduku la kadi.

Aliporudi saa tisa, bibi alikuwa ameshakata roho, mwili umepoa.

"Alilala tangu asubuhi, hakusema neno," alimwambia mumewe aliporudi kutoka kazini. "Nilikuwa hapa hapa."

Mumewe alimwamini. Tena siku ya mazishi alisimama mbele ya ndugu zake wote akasema kwamba bila mke wake mama angekufa peke yake. Akina shangazi walimkumbatia mmoja mmoja, naye akakumbatiwa.

Kamusi ilipotoka, mhariri mkuu, mtu mpole asiye na neno na mtu, alifika nyumbani na sanduku mkononi.

"Ni maneno ya marehemu," alimwambia fundi. "Tumeona yakae kwa mwanawe."

Dada Kamusi alinyoosha mkono alipokee yeye, lakini mumewe alikuwa ameshafungua. Alisoma akicheka mpaka machozi. "Sikia hii! 'Viache vitunguu hivyo, unavitesa.' Mama huyo kabisa!" Akachukua nyingine, na nyingine. Halafu aliisogeza kadi moja dirishani, akaangalia tarehe, akaangalia saa.

Mhariri aliona hali imebadilika, akaaga. Fundi alingoja mlango ufungwe.

"Mwandiko huu ni wako?"

"Wangu."

"Ulikwenda wapi?"

"Ofisini. Nilijua nitarudi upesi."

Hakufoka. Afadhali angefoka, angevunja hata kiti, naye angepata pa kujitetea. Aliketi tu, kadi gotini, akamtazama kama mtu anayeuliza njia.

"Na Mama alipokwambia hivi, wewe ulimjibu nini?"

Uongo ulikuwepo, tayari mdomoni, na ungeaminika kama ule wa kwanza. Alishindwa kuutoa.

"Nilimwambia asante," alisema.