Fataki Tatu za Reli

Wiki ile serikali ilifunga shule zote kwa sababu ya ukungu wa moshi, na mtihani wa majaribio wa darasa la kumi ulikuwa umebisha hodi. Mimi si mtu wa kukaa kitako nikingoja serikali ipate akili. Niliwaambia wanafunzi wangu waje nyumbani tufanye marudio ya sayansi. Asubuhi ile walifika wawili tu, Kinza na Mahrukh, wamejifunga mitandio hadi puani, macho yamewaiva kwa moshi.

Nilikuwa na hofu tangu nilipofungua mlango. Saa ya ukutani ilisema jua limeshapanda, lakini nje kulikuwa na weupe mchafu tu, mnene, wenye ladha ya chuma. Jirani yangu ambaye kila asubuhi namwona na kumsikia akikohoa, siku hiyo nilimsikia tu. Kifua changu kina pumu tangu utotoni, na kilikuwa kimeanza kupiga filimbi. Nilivuta dawa yangu, nikafunga mlango, nikaziba uwazi wa chini kwa taulo.

"Haya, mazingira kwanza," nikasema. "Kinza, nitajie kilichomo kwenye huu ukungu."

"Oksidi za nitrojeni, salfa dioksidi, masizi, vumbi."

"Vinatoka wapi?"

"Magari, matanuru ya matofali, mabua ya mpunga yanayochomwa mashambani, na mjomba wangu."

"Mjomba wako?"

"Si ndiye mwenye tanuru, Madam! Anachoma matairi mabovu, halafu anakuja kwetu kulalamika kwamba hewa imeharibika."

Mahrukh alicheka nyuma ya mtandio. Huyo alikuwa binti wa Allah Ditta, fundi wa njia ya reli, mwanamume mrefu, mchache wa maneno. Binti naye hakuwa mwingi wa maneno, ila alikuwa na akili inayokata. Nilikuwa na matumaini makubwa naye, zaidi ya niliyowahi kumwambia.

Tukapita vyanzo vya nishati. Kinza akauliza nishati ya jua itatufaa nini na jua lenyewe limeshatoroka. Tukaingia kwenye mwendo, na hapo nikawapa swali nililolitunga mwenyewe: treni inakwenda mita ishirini na tano kwa sekunde, dereva anafunga breki, mwendo unapungua kwa nusu mita kwa sekunde kila sekunde. Itakwenda umbali gani kabla ya kusimama? Mahrukh alimaliza wa kwanza.

"Mita mia sita ishirini na tano, Madam."

"Zaidi ya nusu kilomita!" Kinza akaguna. "Sasa si atakuwa ameshamkanyaga mtu zamani?"

"Ndiyo maana hutakiwi kuvuka reli huku unachezea simu," nikamwambia, kisha nikaenda jikoni kuchemsha chai.

Jana yake nilikuwa nimewaagiza kila mmoja alete kitu cha nyumbani kinachobadili nishati kutoka aina moja hadi nyingine. Niliporudi na vikombe, meza ilikuwa na tochi ya Kinza, ile ya kuzungushwa kwa mkono. Kando yake kulikuwa na visahani vitatu vya bati vyekundu, vinene kidogo, kila kimoja na mikanda miwili laini ya madini ya risasi ubavuni. Kinza alikuwa ameshika jiwe langu la kupondea tangawizi, ameliinua juu.

"Madam, tuipige moja tuone?"

"Weka chini!"

Sauti iliyonitoka sikuijua. Chai ilinimwagikia mkononi na sikuihisi. Kinza aliliweka jiwe taratibu sana.

Mimi nimezaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Baba yangu alikuwa mtu wa kuongoza treni kwa ishara, na majira ya ukungu nilikuwa nasikia visahani vile vikilia mbali, pu, pu, nikiwa chini ya blanketi. Ni fataki za reli. Hufungwa juu ya chuma, gurudumu likipita zinalipuka, na dereva ambaye haoni kitu anajua kwamba mbele kuna hatari, afunge breki.

"Mahrukh," nikasema, "umezitoa wapi hizi?"

"Relini, Madam. Pale njia ya miguu inapovuka." Alishusha mtandio puani. "Baba huziweka usiku. Treni ya usiku haikupita kwa sababu ya ukungu, nikadhani zimebaki tu, hazina kazi tena. Nilitaka nimrudishie jioni. Kemikali inageuka sauti na joto, ulisema tulete..."

"Baba yako yuko wapi sasa hivi?"

"Sijui. Nimeamka ameshatoka."

Nikapiga simu ya Allah Ditta. Akapokea mkewe.

"Ameisahau nyumbani, Madam, kama kawaida yake. Walikuja kuwaita alfajiri. Reli imepasuka pale daraja la mfereji, wamekwenda kung'oa kipande wabadilishe. Vipi, mtoto ana shida?"

"Hana shida, dada," nikasema, nikakata simu.

Mahrukh alikuwa amesikia yote, maana simu yangu hupaza sauti. Hakulia. Baba yake na wenzake walikuwa wameinama juu ya reli iliyokatwa. Mwenzao mmoja angesimama karibu nao na bendera nyekundu, bendera ambayo siku ile isingeonekana hata na mtu aliye upande wa pili wa barabara. Kilichobaki cha kumwambia dereva asimame kilikuwa mezani pangu, kati ya vikombe vya chai. Na treni ya asubuhi kutoka mjini, ile tunayoitukana kila siku kwa kuchelewa, ilikuwa haijapita.

Nilipiga simu ya stesheni ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikakatika.

"Kinza, pita njia ya mashambani mpaka darajani. Waambie watu watoke relini, wakimbie wakaisimamishe treni. Piga kelele njia nzima!"

"Na nyinyi?"

"Sisi tunazirudisha."

Kutoka kwangu hadi darajani ni mbali. Njia ya miguu iko karibu zaidi, upande treni inakotokea. Na hata kama watu wangekimbia, reli ilikuwa na pengo, na treni ilikuwa na abiria. Nilizifunga fataki ndani ya shali yangu ya sufi, moja moja, zisigongane, nikaibeba shali kifuani kwa mikono miwili.

"Nipe mimi, Madam. Mimi nakimbia haraka."

"Kaa mbali na mimi. Tembea nyuma."

"Madam..."

"Nimesema nyuma!"

Tulipita katikati ya mashamba ya miwa. Majani yalikuwa na masizi, yalitupaka nguo. Nilikuwa naogopa kuanguka, naogopa kujikwaa, naogopa hata moyo wangu ulivyokuwa ukizigonga zile bati kwa ndani. Nilijiambia kwamba nikianguka nianguke chali. Nyuma yangu nilimsikia Mahrukh akisema kwa sauti ndogo, tena na tena, "Ichelewe, ya Allah, ichelewe, ichelewe leo tu."

Tulipanda tuta la reli kwa magoti. Kutoka hapo hadi njia ya miguu ilibidi tufuate reli kwenda mbele, kuelekea kule treni inakotokea. Nilikwenda, nikaruka mataruma kadhaa, yale magogo yanayoshika reli, na kifua kikafunga. Wenye pumu wananielewa. Hewa iko mbele ya pua na haiingii. Niliinama, nikatafuta dawa yangu mfukoni, nikakumbuka nimeiacha kando ya meko nilipokuwa nachemsha chai. Nikakaa juu ya kokoto na shali mapajani.

Mahrukh alipiga magoti mbele yangu.

"Madam, nipe."

Nikatikisa kichwa.

"Ni baba yangu. Nipe."

Alikuwa na miaka kumi na tano. Vidole vyake vilikuwa na wino, na kucha zake zilikuwa zimeng'atwa kwa sababu ya mtihani. Mama yake alikuwa ameniuliza kama mtoto ana shida, nami nikasema hana. Sijawahi kufanya jambo nililoliogopa kama lile: nilifungua shali, nikamwekea fataki zile mikononi.

"Sehemu pana ikae juu," nikasema kwa pumzi niliyoiokoteza. "Mikanda uikunje chini ya reli, uikaze. Usigonge. Ukisikia honi uache hapo hapo, utoke, ukalale kwenye miwa. Hata kama hujamaliza. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Niapie!"

Hakuapa. Aligeuka akakimbia, na hatua chache tu ukungu ukamfuta.

Nilijiviringisha nje ya njia, nikaweka kiganja juu ya chuma. Chuma kilikuwa baridi, kimya. Nikavuta hewa kidogo, nikavuta tena. Nilijaribu kufikiri amefika wapi. Halafu chini ya kiganja changu ile reli ikaanza kutetema.

Nilijaribu kuliita jina lake kwa kelele na sauti haikutoka. Mtetemo ulipanda mpaka kwenye kiwiko. Kisha ikalia honi, mbele yangu, karibu mno, nami nikajua kwamba hakutoka. Namjua mtoto yule. Akianza hesabu haachi mpaka apate jibu.

Pu!

Na baada yake, pu!

Nikangoja ya tatu. Haikuja. Badala yake kikaja kilio cha breki, kisha kichwa cha treni kikatokea kwenye ukungu na taa yake ya manjano, kikanipita kikitoa moto magurudumuni, behewa baada ya behewa. Kila behewa lilipita polepole kuliko lililotangulia, na mimi nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya kokoto nikihesabu upya lile swali langu: mia sita ishirini na tano, mia sita ishirini na tano. Hadi darajani ilikuwa zaidi ya kilomita. Mwishowe breki zikatoa mluzi mmoja mrefu na vyote vikasimama.

Madirisha yakafunguliwa. Mtu mmoja aliyekuwa anamenya karanga akanitazama nilivyolala pale, akageuka ndani. "Imeharibika tena," akatangaza.

Nilikuwa natambaa kuelekea nyuma, nikiita. Nilipita behewa la mwisho. Nilipita kipande cha bati kilichopasuka, bado cha moto. Nilichungulia chini, kati ya reli, na nilichokuwa naogopa kukiona sitakiandika hapa.

"Madam."

Alikuwa amekaa ukingoni mwa shamba la miwa, miguu imenyooshwa, mtandio umefunika mapaja. Uso ulikuwa mweusi kwa masizi, na sikio moja amelishika kwa kiganja. Nilimwangukia. Nilimpiga kofi begani, nikambusu kichwani, nikampiga tena. Tulilia wote wawili, kwa sauti, hovyo.

Allah Ditta alikuja akitembea kando ya treni, na kabla hajaonekana tulisikia sauti yake, maana siku hiyo alikuwa anaongea kwa furaha. Kinza hakuwa amemfikia. Alipotea kwenye ukungu, na baadaye tulimkuta kwenye tanuru la mjomba wake, sauti imekauka kwa kupiga kelele ambazo hakuna aliyezisikia.

"Madam Riffat! Wewe tena unafanya nini huku? Na huyu?" Allah Ditta hakungoja jibu. Alikuwa na jasho, mikono imejaa grisi, anacheka kama mtu aliyeponea chupuchupu. "Umesikia, binti? Umezisikia? Hizo ndizo fataki za baba yako. Tumeng'oa kipande kizima pale, tumeinama, hatuoni mbele wala nyuma. Wenzangu wanasema Allah Ditta unajisumbua kuziweka mbali hivyo. Ningewasikiliza leo!" Akaokota lile bati lililopasuka, akalipuliza, akampa binti yake aone. "Mtu hakuoni, lakini hiki kinakusemea."

Mahrukh hakulipokea. Macho yake yalikuwa chini.

Allah Ditta akatafuta bati la pili kwenye kokoto, akalipata. Akaendelea kutafuta, amejishika kiuno. Kicheko kikapungua.

"Niliweka tatu," akasema. "Nimesikia mbili."

Huko mbele abiria walikuwa wanabishana na dereva. Mimi nilifungua mdomo nimwambie kwamba kosa lilikuwa langu, ni mimi niliyewaagiza walete vitu. Mahrukh akanitangulia. Alifunua mtandio wake mapajani. Fataki ya tatu ilikuwa pale, nyekundu, nzima, mikanda yake imekunjwa nusu.

"Sikuwahi kuifunga, Baba," akasema.

Allah Ditta aliitazama fataki, akamtazama binti yake, akanitazama mimi. Niliona mambo yakijipanga kichwani mwake moja baada ya jingine, tangu asubuhi mpaka pale. Alichuchumaa. Akaichukua fataki kwa ncha za vidole, akaipeleka mbali, akaiweka chini kwenye nyasi taratibu, akarudi.

Kisha akapiga magoti mbele ya mwanawe, akaishika mikono yake miwili yenye masizi na wino, akaifungua, na akaanza kuhesabu vidole kwa sauti ya chini, kimoja kimoja, akikigusa kila kimoja. Alipofika cha kumi akarudi mwanzo, akahesabu tena.