Kikombe cha Nsansa

Mimi nimechoka, niseme ukweli. Tangu mume wangu Masolwa aambiwe damu yake inaganda mguuni, maisha yangu ni kidonge, foleni ya kliniki na kikombe. Kidonge ni cha kuzuia damu isigande, kila siku saa moja jioni. Kikombe ni cha mboga. Nesi Julieth alisema majani ya kijani yanapunguza nguvu ya dawa ile, kwa hiyo ale kikombe kimoja kwa siku, kisizidi, kisipungue. Mimi darasa la saba tu, lakini kupima najua. Nikatenga kikombe cha bati, na ole wake atakayekigusa.

Msimu wa mvua tulienda vizuri. Mchicha nachuma nyuma ya nyumba hapa Mtendeni, naukatakata, najaza kikombe, napika. Damu ikipimwa iko sawa, nesi anafurahi.

Kiangazi bustani ikakauka. Wifi yangu Ngollo akatuletea mfuko wa nsansa kutoka Nzega, yale majani ya kunde yanayochemshwa na kuanikwa mpaka yakauke kabisa. Nikashukuru jamani! Nikawa najaza kikombe kilekile, naloweka, naunga kwa karanga. Masolwa anakula mpaka analamba vidole.

Mwezi ule damu ikaonekana nzito. Uliofuata, nzito zaidi, na mguu umevimba. Daktari akamchoma sindano. Nesi akasema bonge la damu likipanda mapafuni mtu anaondoka hivihivi, akauliza kama dawa inamezwa kweli.

Nikamgeukia Masolwa palepale mbele za watu. Nilimsema! Mtu mzima una wajukuu, unatupa vidonge, unataka nikuzike? Nyumbani nikaendelea, wiki nzima, asubuhi mpaka jioni. Alijibu mara moja tu: "Mama Amon, nameza." Halafu akanyamaza. Nami nikaona anayenyamaza hivyo ana lake.

Tuliporudi kliniki, nesi alikuwa ameniagiza nije na kikombe na mboga yenyewe. Akamimina nsansa kwenye mizani ndogo. Gramu hamsini.

"Mama, kupata nsansa hizi, mtu anaanika majani mabichi kiasi gani?"

Nikajibu bila kufikiri, maana kazi hiyo nimeifanya tangu utoto. "Beseni zima. Yakikauka yanasinyaa yote."

Nesi akaniangalia. Ndipo nikasikia nilichokisema. Beseni zima kila siku, miezi miwili, kwa mkono wangu huu.

"Nusu kilo mbichi, si chini," akasema taratibu. "Kuanzia leo vijiko viwili tu, Mama. Wiki ijayo tunampima tena."

Tulipofika nyumbani nikamwambia, "Baba Amon, nisamehe. Nimekuonea bure."

"Yameisha," akasema, akavua viatu.

Saa moja nikampa kidonge na maji. Akameza. Kisha akanisogelea, akapanua mdomo, akainua ulimi, akageuza kichwa upande wa taa ili nione vizuri kwamba hakuna kilichobaki.

Sikuwa nimemwambia afanye hivyo.