Lori la Kwanza Makambako

Ema wa kijiji cha Yakobi alikuwa na bahati ya kuchosha. Wenzake walihangaika kupata chuo kimoja; yeye alikubaliwa na viwili: chuo cha ualimu njia ya Iringa, na shule ya wauguzi Ilembula. Basi ukoo mzima ukapata kazi ya kufanya. Shangazi Yudita alitaka muuguzi, kwa sababu goti lilimsumbua. Baba mtu, Manase, mzee wa kanisa, alitaka mwalimu, wala hakuficha sababu. Mwalimu huendesha baiskeli na huamkiwa na kila mtu; muuguzi huosha migongo ya wanaume asiowajua.

"Mgongo ni mgongo tu, baba," Ema alisema.

"Leo mgongo," Manase akajibu. "Kesho je?"

Ema mwenyewe alikwisha kuchagua zamani, tangu mdogo wake Mika alipomwagikiwa na uji wa moto. Alikaa naye hospitali ya Ilembula mpaka akajua kufungua bendeji bila mtoto kulia. Manase naye alikuwapo, ila kila bendeji ilipofunguliwa alishikwa na tumbo la ghafla, akatoka nje. Tangu siku zile Ema hakutaka kazi nyingine duniani. Lakini kumpinga baba mbele ya shangazi na majirani? Thubutu!

Sasa, Manase alikuwa na tabia iliyojulikana mpaka Njombe mjini: jambo likimshinda, humwomba Mungu alama. Ng'ombe akilala ameelekea mashariki, viazi vitapandwa shamba la mashariki. Na alama ikishatoka imetoka, hata mchungaji hamrudishi nyuma. Asubuhi ya safari aliweka mkono juu ya sanduku la bati la Ema, akaomba kwa sauti: "Bwana, tukifika njia panda ya Makambako, lori la kwanza kusimama ndilo lako. Likiwa la Iringa, mwalimu. Likiwa la upande wa Mbeya, ashukie Ilembula awe muuguzi. Amina."

Ema aliitika amina pamoja na nduguze. Yeye na baba yake walikuwa wameshaketi kwenye kibanda cha chai cha mama Oktavia pale Makambako ndipo akili ilipomfunguka. Malori ya Iringa yalifuatana kama siafu. Ya upande wa Mbeya yalikuwa ya kubahatisha. Loo, mzee huyu! Kamwachia Mungu achague, ila kwanza kamchagulia.

Lori likasimama. "Iringa!" dereva akaita. Manase akanyanyuka na sanduku, uso unang'aa.

"Baba, tumbo!" Ema akakimbilia choo cha nyuma ya kibanda. Honi ikalia, Manase akambembeleza dereva, lori likaondoka.

"Hilo halikuwa la Bwana," Manase alisema kwa shingo upande. "Lake lingesubiri."

Likaja la pili, tumbo likarudi. La tatu, tumbo lilianza hata kabla lori halijasimama, mama Oktavia akauma upindo wa khanga asicheke. Mle chooni, Ema hakucheka. Alijua anamdanganya baba yake, na pengine Mungu pia, na malori ya Iringa hayataisha leo wala kesho. Machozi yakamtoka.

"Ema! Toka huko!"

Alipotoka alimkuta Manase katikati ya barabara, kofia mkononi, upepo unampeperushia koti, amelizuia lori lililoelekea Mbeya.

"Mzee," mama Oktavia akasema, "hilo lilikuwa linapita tu."

"Sasa si limesimama?" Manase akajibu, akapandisha sanduku mwenyewe. Kisha akamgeukia binti yake. "Tumbo vipi?"

"Limepoa, baba," Ema akasema, macho chini.

"Tumbo hilo nalijua, mwanangu. Kule hospitali nililitumia mimi. Mtoto wangu analia, nami nikakimbilia nje. Wewe ndiye uliyebaki naye." Akavaa kofia, akaishusha mpaka kwenye nyusi. "Haya, panda, dereva anangoja. Na hiyo migongo uioshe vizuri."