Cherehani Si ya Shemeji

Dalali wa mahakama alipokuja kukamata mali za shemeji wa mshonaji kwa ajili ya deni, kitu cha kwanza kubebwa kilikuwa cherehani. Mshonaji akaing'ang'ania kwa mikono miwili.

“Hii ni yangu jamani! Mimi nimehamia tu kwa dada yangu. Hilo deni silijui!”

“Risiti iko wapi?” dalali akauliza.

Risiti hakuwa nayo. Cherehani aliachiwa na marehemu mama yao. Akamgeukia mwenye deni. “Shemeji, si uwaambie?”

Shemeji akainama, akajikuna shingo kana kwamba haulizwi yeye. Wabebaji wa dalali wakainyanyua cherehani, na gauni la mteja likaning'inia sindanoni likiburuzwa sakafuni. Mshonaji akaketi chini, akalia kama aliyefiwa upya.

Hapo dada yake akatoka jikoni. “Irudisheni. Mama alimwachia mdogo wangu, nikiwepo. Mnataka mali ya mume wangu? Pikipiki yake kaificha kwa jirani, nyuma ya tangi la maji.”

Cherehani ikateremshwa, pikipiki ikachukuliwa. Lakini kabla jua halijazama, shemeji alikuwa amewafukuza wote wawili. Walikaa barabarani na cherehani yao, wasijue pa kuipeleka.