Alama Chini ya Kifuniko

Kibanda changu kiko chini ya ngazi za jengo la ofisi. Kina meza moja, kiti kimoja na mlango mmoja, na mteja akisimama mlangoni mimi sitoki. Miaka yote sikuona kwamba hilo ni tatizo. Mimi ni mtu wa kukaa, tena mtu wa hasira za karibu, kwa hiyo afadhali watu wasinipitie mgongoni.

Asubuhi ile nilikuwa nimeshamfukuza karani wa ghorofa ya juu aliyeniletea saa ya kisasa, zile za kuhesabu hatua, eti niichaji. "Hiyo si saa," nilimwambia, "hiyo ni simu iliyokosa mfuko." Nilikuwa bado nacheka peke yangu mwanamke mmoja alipofika mlangoni.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti yangu. Lete tuone."

Mkononi alivaa saa ndogo ya zamani, ya kutia ufunguo, yenye mkanda mpya wa ngozi. Nikajua ni katika wale wanaokusanya saa za kale, na nikamheshimu papo hapo. Kisha akafungua kitambaa, akaweka nyingine mezani, ya kiume. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya chai na namba sita imefutika nusu. Niliifahamu kabla sijaishika.

"Ya marehemu baba," alisema. "Imeganda. Isafishe, lakini uso usiuguse, uache na uzee wake. Na ukifungua, nisomee alama iliyo ndani. Wenzangu wanaokusanya saa wananiambia kila fundi akitengeneza hukwangua alama yake chini ya kifuniko."

"Wengine hukwangua," nilisema. "Basi iache, uje kesho."

"Nitasubiri. Nimeambiwa pia kuna mafundi wanaobadilisha vitu vya ndani." Akacheka. "Si wewe, fundi. Usininunie."

Akavuta kigoda, akakaa mlangoni kabisa, miguu ikazuia kizingiti.

Miaka ishirini na miwili nyuma, nikiwa na meza kando ya barabara katika mtaa mwingine, baba yake aliniletea saa hiyo nibadilishe kioo tu. Nikafungua na nyuma, kwa umbea wa fundi. Nilikuta mashine safi ajabu, inapumua taratibu kama mtoto aliyelala. Niliipenda. Wala sikutaka kuiuza, nilitaka iwe yangu. Nikaihamishia ndani ya saa yangu, na ndani ya yake nikapachika mashine nyingine ya kipimo kile kile, ambayo siku moja ilikwenda na siku ya pili ikazubaa. Halafu, kwa mazoea tu ya mkono, nikakwangua alama yangu: ndoana na nukta, mwezi na mwaka. Niliiba na nikatia sahihi. Sijawahi kusikia mwizi mjinga kuliko mimi.

"Baba alikuwa mpiga king'ora kiwandani," aliendelea, mimi nikitafuta kifungulio ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu. "Zamu zote ziliingia na kutoka kwa saa hiyo. Mwaka mmoja king'ora kikaanza kuchelewa, leo dakika tano, kesho kumi. Wakamfukuza."

"Pole."

"Kufukuzwa alikuvumilia. Lakini aliirudisha saa kwa fundi mara mbili, na mara zote mbili fundi alimwambia: mzee, saa yako nzima, ni wewe unasahau kutia ufunguo. Naye akaamini. Hadi anakufa alikuwa anaandika kila kitu kwenye vikaratasi, mpaka jina la mama, kwa kuogopa kusahau."

Maneno yale yalikuwa yangu, neno kwa neno. Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

"Huyo fundi unamtakia nini sasa?"

"Nimwulize kitu kimoja tu. Baba alikuwa anasahau kweli?"

Nilifungua kifuniko. Alama ilikuwepo, safi kama ya jana. Msasa ulikuwa kando ya kidole changu na mpitisho mmoja ungetosha kuifuta, lakini yeye alikuwa ameinama juu ya meza, ananitazama mikono.

"Pana nini?"

"Ndoana. Nukta. Sita, na mwaka."

"Walimfukuza mwezi wa nane mwaka huo huo," alisema polepole. "Unaijua alama hiyo?"

"Hapana." Neno lilinitoka lenyewe.

Nikasafisha, nikatia mafuta. Kiu ilinishika, na chupa ya maji ilikuwa nyuma ya kigoda chake. Sikuthubutu kumwomba asogee, nilihisi nikisimama tu nitakimbia. Takriban saa mbili zilipita hivyo. Mwishowe ile mashine mbovu ikaanza kutembea, kwa kuchechemea.

"Iwekee majira kwa hiyo yako," alisema, akielekeza kidole kwenye saa niliyovaa mkononi. "Toka nimekaa naiangalia. Inalingana na simu yangu hadi sekunde. Hiyo haidanganyi."

Nikasoma saa kutoka kwenye mashine ya baba yake, nikageuza mishale ya saa ya baba yake.

"Na kabla hujafunga, tia alama yako chini ya ile ya yule fundi. Si ndiyo kawaida yenu?"

Nikashika sindano. Ningeweza kuchora nyota, au herufi yoyote, akashukuru na kwenda zake. Mimi ningebaki na heshima yangu chini ya ngazi, na mzee wa watu angebaki msahaulifu kaburini. Nilimchukia yule binti kwa dakika nzima. Kisha nikakwangua, polepole: ndoana, nukta, mwezi, mwaka. Nikavua kioo cha jichoni, nikampa pamoja na kifuniko.

Alitazama. Akasogea kwenye mwanga, akatazama tena.

"Fundi," alisema, "mbona zinafanana?"

"Baba yako hakuwa anasahau," nilimwambia.

Hakuondoka mlangoni. Nikaanza kufungua mkanda wa saa yangu.